Uzito wa Dirisha la Saba

2 Machi

Wifi yangu,

Nakusalimu wewe, na kaka yangu uliyekubali kumvumilia, na mama yangu anayeishi chini ya paa lenu. Huku niliko mimi ni mzima, isipokuwa shingo, ambayo imekataa kugeukia kushoto tangu nianze kuinamia kifaa hiki kidogo.

Nimeketi kukuandikia kwa sababu siku tulipouanzisha mchezo wetu wa Paka wa Mapaa tulikubaliana, wewe mchoraji na mimi mwandishi wa msimbo, kwamba hakuna kitu kitakachotolewa mchezoni bila barua yenye sahihi na jibu lenye sahihi. Ujumbe wa simu ni wa kuulizana kama chumvi imekwisha. Kazi ya mtu haiondolewi kwa njia hiyo. Sheria hiyo niliipendekeza mimi, wala sitakuwa wa kwanza kuivunja.

Habari yenyewe ni hii. Wenye kile kifaa cha mkononi cha bei nafuu, ambacho watoto wengi wanacho, wamekubali kuupokea mchezo wetu na kuugawa bure, huku msimbo wake ukibaki wazi kwa yeyote atakayetaka kuusoma, kuunakili na kuurekebisha, kama tulivyotaka. Lakini kumbukumbu ya kifaa chao ni finyu. Mchezo ukishafunguka hauruhusiwi kutumia zaidi ya megabaiti sitini na nne, na wetu unatumia tisini. Kifaa hakionyi wala hakikemei. Paka anaruka kutoka paa la tatu, na kabla hajatua kioo kinakuwa cheusi. Mlango wa kupokea michezo unafungwa tarehe thelathini Aprili, na hautafunguliwa tena hadi mwakani.

Nimepima. Kilicho kizito ni picha za ndani ya madirisha, zile anazozichungulia paka anapopita juu. Naomba ruhusa yako zipunguzwe.

Wako katika kazi na katika ndoa ya kaka yangu,
Wifi wa msimbo


9 Machi

Wifi mheshimiwa,

Unaandika kana kwamba unahutubia mkutano mkuu. Nilipofika mwisho nilijikuta nataka kupiga makofi, ila mikono ilikuwa na rangi.

Ombi lako nimelipokea, na zaidi ya kulipokea nimelitimiza. Nimezibana picha zote, moja baada ya nyingine, bila kupoteza hata ukope wa jicho la mtu. Folda nzima ilikuwa megabaiti arobaini, na sasa ni kumi na moja. Kwa hesabu tulizofundishwa shule ya msingi, tisini ukitoa ishirini na tisa unabaki na sitini na moja. Bila shaka mlango umeshafunguka.

Niruhusu swali moja la mjinga. Mchezo una msimbo wako, una muziki wa mume wangu, na una picha zangu. Ilikuwaje mzani wako ukamwona mmoja tu kati yetu watatu? Nauliza tu. Unajua kwamba niliacha kazi ya kiwanda cha uchapaji kwa ajili ya madirisha haya, na kwamba huu ndio mchezo pekee duniani wenye jina langu. Nikienda kuomba kazi ya kuchora popote, sina kingine cha kuonyesha.

Mama anakusalimu. Anasema upake mafuta ya moto shingoni na uache kujifanya kijana.

Wifi yako,
Mchoraji


14 Machi

Wifi,

Nimezipokea picha. Ahsante kwa juhudi. Nimepima tena, na ni tisini vilevile. Kupunguza kwa namna ile hakusaidii. Kwa hiyo naomba ruhusa ya kufunga nusu ya madirisha. Paka atapita juu yake na kukuta mbao.

Jambo la pili. Mtu anayejiita Jirani ameunakili mchezo wetu mzima na anaupima dirisha baada ya dirisha. Ni haki yake, kwa kuwa mchezo ni huria. Lakini anayeipima nyumba ya mtu kwa futi ana nia ya kuhamia au nia ya kubomoa. Yako makampuni yanayongoja kazi ya watu iive ili yaibandike jina jingine na kuiuza. Je, umezungumza juu ya mchezo huu na mtu yeyote nje ya familia? Nisingeuliza kama nisingelazimika.

Wifi wa msimbo


20 Machi

Wifi,

Nimetoa megabaiti ishirini na tisa na wewe unaniambia hakuna kilichopungua. Mtu akitoa mawe gunia zima kutoka kwenye mkokoteni, punda angalau hupumua. Mkokoteni wako ni wa namna gani, ambao mizigo ya wengine haiuelemei, na yangu hata nikiishusha bado imo?

Nilimwendea mume wangu, ambaye ni kaka yako, nikamwambia, "Dada yako ananitoa kidogo kidogo." Akaendelea kukaza nyuzi za gitaa. Nikamwambia, "Sema neno basi." Akasema, "Mimi ni ndugu wa mmoja na mume wa mwingine. Nikisema neno nitakosa pa kulala katika nyumba zote mbili." Huyo ndiye mwanamume tuliyegawana.

Wewe unamwogopa Jirani. Mimi naogopa walio karibu zaidi. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, nami nimeliona hilo kwa macho yangu. Jana nilifungua toleo la majaribio uliloliweka hadharani. Dirisha la kwanza hadi la sita yako wazi. La nane na kuendelea yako wazi. La saba limepigwa mbao. Barua yake iko wapi, wifi? Sahihi yangu iko wapi? Ile sheria uliyosema hutakuwa wa kwanza kuivunja imevunjwa na nani, na paka?

Kama hali ndiyo hii, nitaziondoa picha zangu zote pamoja na jina langu, nawe umwache paka wako aruke juu ya nyumba zisizo na watu.

Mchoraji


23 Machi

Wifi,

Nakujibu kwa utulivu, kwa kuwa mmoja wetu lazima awe nao.

Huwezi kuziondoa picha. Leseni tuliyoitia sahihi sote watatu inasema kilichotolewa kwa wote hakirudi kwa mmoja. Unaweza kuondoka wewe, lakini madirisha yatabaki. Sisemi haya kwa kukutisha. Ndivyo tulivyoapa, na ulikuwa ukicheka siku tulipoapa.

Dirisha la saba nililifunga kwa ajili ya majaribio ya uzito. Ilinibidi nifunge moja ili nione linapunguza kiasi gani. Ningekuandikia baadaye.

Swali langu juu ya Jirani hukulijibu. Nimeliona hilo pia.

Wifi wa msimbo


26 Machi

Kwa mtunzaji wa msimbo wa Paka wa Mapaa,

Mimi ni mmoja wa watu walionakili mchezo wenu, na nimeusoma kwa heshima kubwa. Mimi si mtaalamu, nimejifunza kupima kwa kufuata maelezo mliyoyaweka wenyewe kwa ajili ya wageni. Nina maswali matatu, na naomba uniwie radhi kwa ujinga wangu.

La kwanza, picha zenu ni nyepesi sana ndani ya faili, lakini mchezo ukifunguka zinakuwa nzito kupita kiasi. Uzito huo unatoka wapi? La pili, paka anachungulia dirisha moja kwa wakati mmoja. Kwa nini yote yafunguliwe tangu mwanzo? La tatu, katika toleo la majaribio mmelifunga dirisha la saba, na mimi nimeipima picha yake. Ni ndogo kuliko ya sita, ambayo mmeiacha wazi. Je, kweli mmelifunga kwa sababu ya uzito?

Wenu,
Jirani


29 Machi

Ndugu Jirani,

Sikujui, na desturi ya mchezo huria hainiruhusu kukudai jina kabla ya kukupa jibu. Umeuliza vizuri, nami nitajitahidi kujibu vizuri.

Picha ikiwa ndani ya faili ni gauni lililokunjwa sandukuni. Mkunjaji hodari anaweza kulibana hadi likaenea kiganjani. Lakini kifaa hakiwezi kumwonyesha mtu gauni lililokunjwa. Sharti kilikunjue na kulitandaza kitandani, upindo hadi upindo, na kitanda hicho ndicho kumbukumbu. Hakijali gauni lilikunjwa namna gani. Kinajali urefu na upana wake tu. Ndiyo maana picha iliyobanwa ikafikia robo ya uzito wake bado hutwaa nafasi ileile inapofunguliwa. Mchoraji wetu amekunja kwa ustadi ambao sijapata kuuona kwa mtu mwingine. Haukusaidia, lakini kosa si lake.

Swali lako la pili limenichoma, kwa kuwa jibu lake ni mimi. Nilipouandika msimbo ule nilikuwa na kompyuta kubwa, na mwenye nyumba kubwa hahesabu vitanda. Nilivitandika vyote. Tukifungua dirisha moja moja, kifaa kitachelewa kulikunjua, na mchezaji ataona shimo jeusi kwa muda wa pumzi moja. Nililiogopa shimo hilo, nikaona afadhali nifunge madirisha.

Kuhusu la tatu, wewe umeshapima, na sioni faida ya kumdanganya mtu mwenye mzani mkononi. Si uzito. Ni jambo la heshima ndani ya familia, na aliyelifunga ni mimi.

Nakutakia kazi njema, kama nia yako ni njema.

Mtunzaji wa msimbo


31 Machi

Wifi,

Jirani anakushukuru. Ameisoma barua yako jikoni hadi chai ikapoa, kisha akasimama, akanawa uso kwa maji ya bomba, na sasa anakujibu kwa mkono huu huu. Jirani ni mimi.

Ulipoandika mara ya kwanza kwamba mzigo wote ni wangu, sikukuamini. Ningekuuliza ungenihutubia. Kwa hiyo nikajitafutia jina na nikajifunza kupima, usiku mmoja baada ya mwingine, nikikosea na kuanza upya, mume wangu akidhani nachora. Nilikuwa natafuta uwongo wako. Nikakuta tisini. Nikabana tena, nikapima tena, tisini. Nilitaka kuipasua kompyuta kwa kuwa ilikuwa upande wako.

Ulisema kweli basi, na nasema hivyo kwa sahihi. Lakini yale ya gauni na kitanda umempa mgeni kwa upole, hatua kwa hatua, na ukamsifia hata ukunjaji wangu. Mimi wifi yako uliniambia, "Kupunguza kwa namna ile hakusaidii." Maneno matano! Ndiyo kusema ili mtu apate jibu kwako sharti kwanza asiwe wa kwako?

Sasa tuje kwenye la saba. Tarehe ishirini na tatu uliniandikia, ukatia sahihi, kwamba ulilifunga kwa majaribio ya uzito. Tarehe ishirini na tisa ukamwambia mtu usiyemjua kwamba ni heshima. Mmoja wetu ulimdanganya, na si Jirani.

Nadhani najua ni heshima gani. Mle ndani kuna mwanamke aliyeshika kiuno kwa mkono mmoja na fagio kwa mwingine, mdomo wazi, pengo la jino likionekana, anamfukuza paka. Ulimtambua. Ukasema moyoni, huyu mke wa kaka anamla mama yangu nyama hadharani, tena mbele ya watoto wa nchi nzima. Badala ya kuniuliza ukatafuta mbao.

Kumbe hukujua kwamba Mama alikaa mwenyewe. Nilianza kumchora akifuma, mpole, macho chini. Akaja nyuma yangu akaangalia. "Huyu nani?" Nikasema, "Ni wewe, Mama." Akasema, "Huyu ni marehemu. Nichore nikiwa mkali. Upole watanisifia nikishakufa, na hapo sitasikia." Akaenda kuchukua fagio, akasimama mlangoni akipiga kelele kwa paka asiyekuwepo hadi jirani wa kweli akabisha hodi kuuliza kuna mwizi gani. Alisimama hivyo hadi magoti yakamuuma. Ukitaka kujua kama nasema kweli, namba yake unayo. Mpime.

Mchoraji, ambaye pia ni Jirani


7 Aprili

Wifi,

Nilimpima. Sikukuamini, nami nakiri hilo kwa sahihi kama ulivyokiri wewe. Nilimpigia simu mchana, saa ambazo najua uko nje, ili asiwe na mtu wa kumnong'oneza majibu.

Nikamwambia, "Mama, ni kweli wifi alikuchora ukiwa na fagio?"

"Fagio lipi? Lile la zamani? Nilimwambia aweke jipya, yeye akasema la zamani lina sura."

"Na mdomo wazi, Mama?"

"Ulitaka nimfukuze paka kwa kunong'ona?"

"Watu watakucheka."

"Na wanicheke! Wewe umeniona mara ya mwisho lini, hata ujue nachekwa au sichekwi? Mwenzako ananiona kila siku, ndiyo maana kanipatia. Hebu niambie, huyo paka amefika kwangu?"

Nikamwambia, "Nimelifunga dirisha, Mama."

Akauliza kwa sauti ya chini ambayo mimi na kaka tuliiogopa kuliko fagio: "Nani alikuteua mlinzi wa mdomo wangu?" Akakata simu.

Dirisha la saba liko wazi tangu siku ile. Nilikuandikia uwongo na nikautia sahihi. Nilidhani umepata mama yangu, nyumba ya kaka yangu, na sasa unataka na kicheko juu yao. Mtu aliye mbali huona mengi ambayo hayapo, kwa kuwa hana kingine cha kutazama. Wewe nawe uliniingilia kwa jina la kificho, na ulipoulizwa ulinyamaza. Sitalisahau upesi, wala sikuombi usahau la kwangu.

Tuendelee na kazi, ambayo haitungoji. Nimefanya alilouliza Jirani. Sasa dirisha hufunguliwa paka anapokaribia, na hukunjwa anapoondoka. Hakuna litakalofungwa kwa mbao. Lakini lile shimo jeusi nililoliogopa lipo, pumzi moja kamili mbele ya kila picha. Linatisha kama jino lililong'oka. Sina dawa yake.

Wifi wa msimbo


12 Aprili

Wifi,

Dawa ninayo mimi. Kwa nini unamwonyesha mchezaji shimo? Mwonyeshe mbao za dirisha zikifunguka. Nimechora mbao mbili tu, nyembamba, zinazotumika kwenye nyumba zote, kwa hiyo hazitatandikiwa vitanda ishirini. Paka akikaribia, mbao zinaanza kusukumwa kutoka ndani polepole, na kifaa kinapata pumzi yake. Nimejaribu kwa mume wangu. Kila mbao zilipoanza kusogea aliacha gitaa na kusogeza uso kwenye kioo. Akasema, "Sasa ndiyo nataka kujua nani yumo."

Nimezipima urefu na upana, si uzito wa faili. Naona Jirani alisomeshwa na mwalimu mzuri.

Lakini nakuambia wazi, nakala yangu ya mchezo bado ninayo, na kila toleo jipya unaloliweka nalifungua dirisha kwa dirisha kabla sijanywa chai. Usikasirike. Umenifundisha mwenyewe.

Mama hajakusamehe. Anauliza kama shingo imepona.

Mchoraji


27 Aprili

Wifi yangu,

Nakuandikia kwa mujibu wa sheria yetu, safari hii kabla ya kugusa kitu.

Mbao zako zimefanya kazi. Tumetoka tisini tukafika sitini na saba. Mpaka ni sitini na nne, na mlango unafungwa baada ya siku tatu. Nimepita kwenye msimbo wangu mstari kwa mstari na kutupa kila nilichoweza. Kaka amekubali kufupisha muziki, baada ya kunung'unika kama kawaida yake. Hiyo sitini na saba ni baada ya hayo yote.

Kinachobaki ni mvua. Ile mvua ya nyumba za mwisho ni karatasi nne za upana wa kioo kizima zinazopokezana, na haiwezekani kuzikunja, kwa kuwa mvua hainyeshi dirisha kwa dirisha. Peke yake inatwaa megabaiti tano. Nimejaribu kuchukua kipande kidogo na kukirudiarudia, ikaonekana kama pazia la shanga, na ungenilaani. Nimejaribu kuipunguza upana na kuivuta, ikawa kama ukungu juu ya miwani. Najua kwamba hakuna picha katika mchezo wote uliyoitolea jasho kama hiyo, na kwamba ukiombwa kuonyesha kazi yako ndiyo ungeionyesha kwanza. Naijua kwa sababu ni picha pekee iliyonifanya mimi niache kuandika msimbo na kukaa nikiitazama.

Naomba ruhusa ya kuiondoa. Nimeambatisha toleo lenye mvua na toleo lisilo nayo, pamoja na maelezo ya kupima yote mawili. Usichukue neno langu. Kwa yaliyopita, halistahili kuchukuliwa. Pima mwenyewe, kisha uniandikie ndiyo au hapana, na likiwa hapana tutangoja mwakani, nami sitalalamika.

Wifi wa msimbo


28 Aprili

Wifi,

Barua yako ilifika asubuhi. Mume wangu alitoka nje akanipisha, akidhani nitapiga kelele. Mama aliketi kando yangu. Niliyafungua yale matoleo mawili, nikalitazama lenye mvua hadi mwisho, mara moja. Kisha nikawa na mzani mbele yangu, na njia naijua.

Sikupima. Iondoe.

Wifi yako